Gharama za Kesi ya Gauni

Jumatano, tarehe 14 Agosti. Mawingu mazito tangu alfajiri, lakini mvua haikushuka. Upepo tu, wa kurusha vumbi na vipande vya vitambaa mlangoni.

Fundi cherehani wa mtaani kwetu, tuliyembatiza Mama Pindo kwa jinsi pindo zake zisivyoonyesha uzi, alifunga duka mapema siku hiyo akaenda mahakamani kudai gharama. Kesi yenyewe alikwisha kuishinda. Mteja mmoja, Bi Madoido, alishonewa gauni, akaliweka kabatini hadi mwili ukaongezeka, kisha akalivaa kwa nguvu kwenye sherehe. Zipu ikaachia mbele za watu, naye akamshtaki fundi kwa kumwaibisha.

"Tangu upimwe hujanenepa?" hakimu alimwuliza.

"Hilo ni jambo la faragha, mheshimiwa."

Hata karani alicheka. Kesi ikatupwa, na Bi Madoido akaamriwa kulipa gharama zote za fundi.

Ila hukumu haikumpa Mama Pindo pesa mkononi. Ilibidi gharama zipitishwe kwanza na msajili wa mahakama, na Mama Pindo alizihitaji upesi. Ili kumlipa wakili, alikuwa ameweka rehani mashine yake ya kufunga kingo za vitambaa kwa muuza vitambaa wa jumla, na mwisho wa mwezi mashine ingeuzwa. Bila mashine ile hakuna shule ingempa tena kazi ya sare, na sare ndizo zilizokuwa zikilipa pango.

"Madai nimeyaona," msajili alisema. "Risiti za wakili ziko wapi?"

"Wakili ni mtoto wa dada yangu, mheshimiwa. Namdaije risiti mtoto niliyemlea?"

"Mama, mimi sipitishi undugu, napitisha risiti. Ziwe hapa kesho asubuhi, la sivyo nafunga faili."

Mama Pindo hakuona shida. Kijana alikaa kwake miaka yote ya sekondari, na ada ya chuo ilitoka kwenye cherehani. Akapanda hadi ofisi ya mawakili iliyomwajiri, ghorofa ya pili, nyuma ya soko. Alipojitaja kwa dada wa mapokezi, yule binti aliinuka kitini kwa furaha.

"Kumbe ndiye wewe! Mama wa msaada wa bure! Mabosi walimsifu kweli kwa kesi yako. Kumtetea mama yake mdogo bila hata senti, siku hizi nani anafanya hivyo?"

"Ndiyo," Mama Pindo alisema, kisha akaomba aitiwe kijana.

Kijana alitoka, akamvuta hadi kwenye ngazi.

"Mama mdogo, si ungepiga simu kwanza."

"Nimefuata risiti."

"Risiti sina. Hapa ofisini niliandika kwamba ni msaada. Nikitoa risiti leo wataniuliza pesa ilikwenda wapi."

"Ilikwenda wapi?"

Kijana aliangalia viatu vyake. "Kuna kiwanja nilikuwa nalipia. Ningekurudishia polepole."

"Uliniona naweka mashine rehani. Wewe ndiye uliyeibeba hadi kwenye gari."

"Nisamehe, mama. Nyamazia hili moja tu. Watanifukuza, na leseni watanipokonya."

"Na mimi nishone kwa meno?"

Jioni dada yake mkubwa, mama wa kijana, alikuja dukani. Mama Pindo alimvutia kiti, akidhani amepata wa kulia naye. Dada hakuketi.

"Nasikia unataka kumfukuzisha mwanangu kazi kwa ajili ya chuma."

"Ulijua, dada?"

"Kiwanja kina jina langu. Nisijue vipi?"

Aliponisimulia haya, Mama Pindo hakulia. Alilirudia jibu hilo mara mbili, kama mtu anayepima kitambaa upya kwa kutoamini kipimo cha kwanza.

Asubuhi ya Alhamisi alifika mahakamani kabla wafagiaji hawajamaliza korido. Msajili alipomwita, alisema hana risiti, lakini pesa alitoa na aliyeipokea anamtaja kwa jina.

"Hayo sasa ni malalamiko dhidi ya wakili," msajili alimwambia. "Utaapa. Gharama zitasubiri mpaka ahojiwe, na sikuahidi kwamba mwezi huu yatakwisha. Unajua anaweza kupoteza kazi?"

"Najua."

Akaapa, akaeleza tangu mwanzo, karani akiandika. Alisomewa maelezo yake, akasahihisha mahali pamoja, akaomba kalamu akatia sahihi. Kisha akaenda moja kwa moja kwa muuza vitambaa, kumsihi asiiuze mashine bado.