Tambara Jekundu kwenye Propela

Kaka yangu anatengeneza pampu za maji na jenereta kwenye kibanda cha mabati karibu na kituo cha mafuta. Wateja wake humwita fundi, basi. Hawajui kwamba kwa miaka ishirini na mbili alitengeneza injini za ndege ndogo, zile za viti vinne na propela moja puani, na kwamba marubani walikuwa hawaondoki mpaka yeye akubali kwa kichwa. Kule kazini walimwita Mganga.

Jina hilo lilikuwa la utani. Ndege ikija inakohoa, wenzake walimzunguka. "Haya Mganga, piga ramli." Alimwambia rubani awashe, apandishe mwendo, ageuze ufunguo kushoto, halafu kulia. Injini hizo zina magneto mbili, kila moja inatia moto kwa njia yake, ili moja ikifa angani nyingine ikufikishe chini. Ukizijaribu moja moja, mwendo wa injini hushuka kidogo. Ukishuka sana, kuna ugonjwa. Kaka alisimama pembeni, macho kafumba, kama mtu anayetegea sikio ugomvi wa jirani.

"Silinda ya tatu," alisema.

Injini ikizimwa, alichovya kidole kwenye kopo la maji na kudondosha tone kwenye kila bomba la moshi. Tone likichemka, silinda hiyo ilikuwa inawaka. Likitulia, hiyo ndiyo iliyolala. Mara nyingi ilikuwa ya tatu kweli.

"Umetudanganya! Umegusa kabla!" wenzake walipiga kelele.

"Ningegusa kabla ningekuwa na malengelenge, mjinga wewe."

Mimi nilikuwa nafagia kwenye banda hilo hilo la ndege. Kaka ndiye aliyenitafutia kazi hiyo baada ya mume wangu kuondoka na kuniachia binti mdogo. Nilifagia banda, nikafua ovaroli, na kila Jumatano mchana nilikusanya matambara mekundu wanayofutia mikono, nikayaloweka. Sikusoma sana, lakini macho ninayo. Nilisogeza ndoo kabla mtu hajajikwaa, niliokota skrubu, nilishika ngazi hata pale isipotikisika. Rubani mmoja aliyependa haraka, ambaye sote tulimwita Chapchap, alinicheka kila siku. "Mama, hata kivuli changu utakiwekea uzio?"

Jumatano moja, ndege ya Chapchap ilirudi na ugonjwa kwenye magneto ya kushoto. Ikiwa baridi, haina neno. Ikipata moto, ukigeuza ufunguo upande huo injini inatetemeka, inataka kuzimika. Kaka alidondosha maji yake: matone yote manne yakachemka. Basi haikuwa plagi moja. Ilikuwa magneto yenyewe, au waya unaotoka kwenye magneto kwenda kwenye swichi.

Waya huo nimekuja kuuelewa baadaye, nikiwa nimechelewa. Kwenye ndege hizi swichi haileti moto, inauzuia, na inauzuia kwa kupitia waya huo mwembamba. Ukiuchomoa, ufunguo unaweza kuwa mfukoni mwako na magneto bado iko tayari. Mtu akisukuma propela kwa mkono, injini inaweza kuwaka ghafla.

Kaka aliuchomoa ili ajaribu injini bila huo waya. Ikitulia, basi mkosaji ni waya. Kabla hajaijaribu, aliitwa ofisini kwenye simu. Kibao cha onyo kilikuwa kimepotea tangu miezi iliyopita. Alikuwa amekiomba mara tatu na kila mara ofisi ilimwambia kesho. Kwa hiyo alichukua tambara jekundu, akalifunga kwenye propela. Mafundi wote walijua maana yake. Mimi nilijua tambara ni tambara.

Nilipita na beseni langu. Nikaliona linaning'inia, limelowa grisi, nikasema moyoni, hawa wanaume wanatundika uchafu popote. Nikalifungua. Nakumbuka fundo lilikuwa gumu, nikatumia meno.

Sikuwa nimefika kwenye bomba la maji niliposikia injini imepiga mara moja tu, pa, kama mlango uliobamizwa. Kisha Chapchap akapiga yowe. Alikuwa ameona ufunguo umezimwa, akashika propela aizungushe kidogo apate nafasi ya kuvuta ndege kivulini. Mkono wake wa kulia ulivunjika mahali pawili.

Mkaguzi alikuja baada ya siku mbili, mtu mpole mwenye daftari. Alituita wote bandani. Fundi mwingine alikuwa ameshafungua ndege na kuona kwamba ni waya tu, umesuguana na chuma mpaka ngozi yake ikaisha, sehemu isiyozidi ukucha. Mkaguzi hakuwa na shida na hilo. Alimgeukia kaka.

"Ulipouchomoa, uliweka alama yoyote kwenye propela?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Binti yangu alikuwa amebakiza mwaka mmoja amalize masomo ya uuguzi, na nilijua nikifungua mdomo unga wangu umemwagika hapo hapo. Nikasema, kaka atajieleza, yeye ana maneno, yeye ana cheti. Nikajitia hamnazo, nikaangalia vidole vyangu.

"Sikuweka," kaka alisema. "Nilisahau."

Wenzake waliinamisha vichwa. Kesho yake leseni yake ilichukuliwa.

Miaka minane ilipita. Binti yangu alimaliza masomo, akaolewa, akanipa wajukuu wawili. Kaka alikuja kwenye kila shughuli na kubeba viti. Tuliongea habari za presha yangu, za mabati yake yanayovuja, za watoto. Habari za kazini hakuniuliza hata siku moja, nami sikuthubutu kumpa. Kila nilipomwona ameinama juu ya pampu iliyojaa tope, nililala siku hiyo na jiwe kifuani.

Mwaka huu meneja mpya aliniita. Fundi mkuu anastaafu, akasema, na watu wote wanamtaja Mganga. Amekwisha kuuliza kwa wakaguzi. Akitokea shahidi wa kueleza kwamba alama iliwekwa, wako tayari kulifungua tena faili lake.

"Wewe ulikuwepo, mama. Hukuona kitu?"

Nilimwomba anipe siku moja. Nilikwenda moja kwa moja kibandani. Kaka alikuwa anapuliza kabureta.

"Kaka, acha hiyo kwanza."

"Sema, masikio hayashiki kabureta."

Nikamwambia. Tambara, fundo, meno, beseni. Nikamwambia nilivyosimama mlangoni nikamwacha aseme amesahau. Nilidhani nitalia, lakini nilitoka jasho tu. Nikamwambia kesho naandika kila kitu na kutia sahihi, wanifukuze wakitaka.

Aliweka kabureta chini, akajifuta mikono kwa muda mrefu.

"Nilikuona," akasema.

"Ulinionaje?"

"Dirisha la ofisi linatazama bandani. Nilikuwa na simu sikioni, watu wa vipuri. Nikakuona unalifungua kwa meno. Nikajisemea, namaliza simu hii, natoka, nalifunga tena. Dakika mbili. Nani atagusa propela dakika mbili?"

Akaendelea kujifuta mikono.

"Ningepiga kelele mara moja tu ungesikia, mdogo wangu. Kioo kilikuwa wazi. Sasa nimwambie mkaguzi nini? Kwamba niliweka alama, nikaona imeondolewa, nikaendelea kuongea? Bora kusahau. Anayesahau ni binadamu."

"Kwa hiyo miaka yote hii..."

"Miaka yote hii nilidhani unanikwepa kwa sababu unajua nilikuona nikanyamaza."

Nilikaa kwenye debe la mafuta lililopinduliwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Hili sikujiandaa nalo.

"Andika basi," nikasema. "Andika yote mawili. Labda watakuhurumia."

"Na Chapchap? Yeye ulishamwambia?"

Sikuwa nimemwambia. Kusema kweli, katika majuto yangu yote nilimlilia kaka na kujililia mimi. Chapchap nilimsahau kama watu wanavyosahau mgonjwa wa kitanda cha pili.

Jumamosi tulikwenda. Anauza vifaa vya umeme mjini. Alitoka nyuma ya kaunta, akatupa mkono wa kushoto, maana wa kulia haunyooki. Kaka alieleza sehemu yake, nami yangu. Mteja aliingia kutaka balbu, akahudumiwa, akaondoka.

"Nilikuwa na miaka thelathini na moja," Chapchap akasema mwisho. "Nilikuwa najua kitu kimoja tu, kurusha ndege." Halafu akasema, "Mama, nakushukuru umekuja. Lakini wewe Mganga, usiniombe nikusaidie kurudi kule. Siwezi."

"Sikuja kwa hilo."

"Vizuri."

Njiani kaka aliniambia hataandika chochote. Nilimbembeleza hadi sauti ikakauka, akashikilia lake, na faili halifunguliwi bila mwenyewe kutaka. Nafasi ikajazwa mwezi uliofuata. Meneja nilimweleza sehemu yangu, ya kaka nikaiacha, maana si yangu kuitoa. Akaniangalia sana, akasema mambo ya kale, mama, endelea na kazi. Ni afadhali angenifukuza.

Siku hizi Jumapili kaka huniuliza, "Kule kunaendaje?" Namweleza: ndege fulani imekuja inakohoa, asubuhi haina neno, mchana inataka kuzimika, wamebadilisha plagi zote na bado. Anafumba macho. Ananiuliza inatetemeka vipi, moshi ni wa rangi gani, kisha anautaja ugonjwa. Mwisho wakiupata ugonjwa kule kazini, mara nyingi ni huo huo. Lakini kabla ya hapo wanahangaika, wanafungua hiki na kile, nami nafagia kando yao jibu likiwa mdomoni, na hakuna anayemuuliza mfagiaji.