Soksi Aliyoibana Mama Futi

Mtaani wanamwita Mama Futi kwa sababu futi ya kupimia nguo haimtoki shingoni, hata akienda msibani. Ameshona kwa miaka thelathini na moja katika chumba kimoja chenye dirisha linalotazama barabara, na hakuna sare ya shule wala suruali ya bwana harusi iliyotoka mlangoni pake ikipwaya. Hilo namkubalia bila kinyongo. Lakini mtu aliyezoea kusifiwa kwa jambo moja huanza kujiona fundi wa kila jambo, na yaliyompata bado yananishtua kila ninapoyakumbuka.

Aliteleza kwenye ngazi iliyolowa maji ya sabuni, akavunjika kifundo cha mguu wa kulia. Daktari wa mifupa alimpasua, akaunga mfupa kwa bamba la chuma na skrubu sita. Kidonda kilipona vizuri. Uvimbe ndio uliogoma kuondoka. Ikifika jioni, mguu umejaa kama mto wa kulalia. Ndipo mtaalamu wa mazoezi ya viungo, msichana mwenye sauti kali kuliko umri wake, alipompima mzunguko wa mguu kifundoni, kwenye shavu la mguu na chini ya goti, kisha akampa soksi ndefu ya kubana, iliyoachwa wazi vidoleni.

"Vaa asubuhi kabla hujashuka kitandani, vua unapolala. Vidole vikipoa, vikibadilika rangi au vikifa ganzi, ivue papo hapo uje. Na ikilegea ilete, tutakupima upya. Tumeelewana, mama?"

"Tumeelewana, mwanangu. Kwani kuvaa soksi nako kuna shule yake?"

Waliokuwa kwenye benchi walicheka. Aliyecheka zaidi ni dereva mstaafu wa lori, jirani yake wanayeitana shemeji, aliyepasuliwa goti na ambaye naye alikuwa akisubiri soksi ya namna hiyohiyo.

Baada ya wiki tatu uvimbe ulipungua, na soksi ikaanza kuteremka. Mama Futi hakuirudisha. Aliitazama kama anavyotazama sketi iliyopwaya, na sketi ikipwaya kiunoni hubanwa kiunoni. Akaingiza mpira mpana kwenye pindo la juu, akaupigia mishono miwili. Soksi ikakaa wima chini ya goti kama askari. Siku hiyo nzima aliwaonyesha wateja.

Kesho yake saa sita mchana, mwanawe wa kike, mwalimu wa chekechea, aliingia na chakula. Alimkuta mama yake amekaa akipinda pazia, mguu ameunyoosha juu ya kigoda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Weka pale, usinipakie mafuta kwenye pazia la watu."

Mwanawe hakuweka. Macho yake yalikuwa yameganda kwenye mguu. Vidole vilikuwa vimefura na kung'aa, kucha zimegeuka bluu. Na kwenye unyayo, chini ya dole gumba, pini ilikuwa imezama hadi kwenye kichwa chake chekundu.

"Mama! Una pini mguuni!"

"Wapi?"

"Si hiyo! Huisikii?"

Mama Futi aliinama, akaichomoa. Hakusikia ikitoka. Akajichoma nayo kwa makusudi kwenye kidole cha mwisho, kisha cha jirani yake. Hakusikia kitu.

Walijaribu kuivua soksi. Mpira ulikuwa umezama kwenye nyama, haupitishi hata ncha ya ukucha. Mwanawe akachukua mkasi wa kukatia vitambaa.

"Usiikate! Nitaufumua taratibu."

"Mama, ikatwe soksi au ukatwe mguu? Chagua!"

Hakungoja achague. Mpira ulipoachia, chini yake palionekana mfereji mwekundu, umezunguka mguu mzima.

Hospitalini, mtaalamu yuleyule aliweka vidole upande wa juu wa wayo kutafuta mapigo ya damu, akakaa hivyo kwa muda mrefu mno. Aliita daktari. Daktari naye alitafuta.

"Mguu wangu utabaki?" Mama Futi aliuliza.

"Mapigo yapo, lakini ni dhaifu. Ngoja tuone damu inavyorudi," daktari alisema, akatoka kuandaa kipimo cha mishipa.

Mtaalamu aliichukua soksi iliyokatwa, akaigeuza ndani nje. "Mpira huu umetoka wapi?"

"Nilipewa hivyohivyo."

Uongo huo ulimtoka bila hata kumkwama kooni. Mwanawe alimgeukia, mdomo wazi.

"Haiwezekani," mtaalamu alisema. "Soksi hii inabana zaidi kifundoni na kulegea kadiri inavyopanda, ili maji ya uvimbe yasukumwe juu. Aliyeshona mpira huu kaibana juu, kafunga mdomo wa gunia! Kama zimetoka stoo zikiwa hivi, basi kuna wagonjwa wengine wamezivaa."

Kiburi cha kushona mpira ule kilikuwa kimeumiza mguu wake mwenyewe. Uongo ungemkata mtu mwingine mguu. Nilivyosimuliwa na mwanawe, hapo ndipo mama yake alipokiri.

"Ni mimi niliyeushona," alisema. "Na jirani yangu dereva. Jana jioni nilimshonea na yeye. Wa kwake niliuvuta zaidi."

Faili lilimponyoka mtaalamu mkononi. Alimpigia dereva simu, akaiweka kwenye spika.

"Mzee, mguu unaendeleaje?"

"Ah, binti yangu! Mwambie Mama Futi yeye ni kiboko! Tangu asubuhi sisikii maumivu hata chembe. Sisikii kitu kabisa!"

Mtaalamu aliisogelea simu.

"Mpe mkeo mkasi, aikate soksi sasa hivi. Nasikiliza."

"Aikate? Soksi nzima hii, imebanwa na fundi—"

Mama Futi aliipokonya simu. "Shemeji, kata! Nimekosea! Nimekufunga mguu, kata!"

Mwanawe ana miaka thelathini na minne. Ananiambia hajawahi kulisikia neno "nimekosea" likitoka kinywani mwa mama yake kabla ya hapo.

Jioni hiyo ganzi ilianza kumtoka Mama Futi, na maumivu yakaingia kama moto. Alilia, na katikati ya kilio akawa anashukuru. Mguu wa dereva ulichelewa zaidi. Damu ilirudi, lakini pale mpira ulipokaa ngozi ilikufa, akalazwa na kusafishwa kidonda kila siku.

Siku ya tatu Mama Futi alikwenda wodini kwa magongo. Muuguzi alikuwa ndiyo kwanza amefungua bandeji.

"Njoo uone, shemeji," dereva alisema.

Alisogea, akaona. Kidonda kilizunguka mguu, upana wake sawasawa na upana wa mpira. Hakugeuza uso.

"Nisamehe, shemeji."

"Nimekusamehe. Ila zile suruali zangu mbili nilizokuletea uzipunguze, mwanao aniletee. Usiziguse."

Muuguzi alicheka, akidhani ni utani wa mashemeji. Dereva hakucheka.

"Ataleta leo," Mama Futi alijibu.