Gobore Lililotiwa Chumvi

Asubuhi niliyoondoka kwetu Vihingo sikuwa na mpango wowote. Shule nilikuwa nimeiacha siku nyingi, na mama tulikuwa tumemzika juma lililotangulia. Nilikuta lori njiani linapakia ukwaju, nikaomba nafasi, nikajilaza juu ya magunia bila kuuliza linakwenda wapi. Jua lilipoyapiga yale magunia, harufu kali iliyochanganyika na utamu ikanirudisha uani kwetu, nikiwa mtoto wa miaka minane hivi, nimechuchumaa mbele ya sufuria ambamo baba alikuwa akichemsha ukwaju kwa ajili ya gobore.

Lilikuwa gobore la babu. Mtutu wake ulinizidi urefu, na ulikuwa mweusi, ila kutu ilikuwa imeanza kuubambua ule weusi vipande vipande kama ukoko. Kwa gobore hilo baba alilinda mihogo yetu dhidi ya nguruwe pori. Akimwua mmoja, sisi hatukumgusa, maana ni Waislamu. Majirani zetu Wakristo walikuja kumbeba gizani, kwa staha, na asubuhi hakuna aliyelitaja jambo hilo.

Kisha tukahamishiwa kwenye kijiji kipya cha ujamaa. Siku ya mkutano mwenyekiti alisimama akamwelekea baba.

"Mzee Kondo, bunduki ya mtu mmoja ni ubinafsi. Itakaa ghalani, ilinde mashamba ya wote."

"Sawa, ndugu mwenyekiti," baba alijibu huku akitabasamu. "Niacheni kwanza niisafishe. Nitawaleteaje kitu kichafu?"

Watu walimpigia makofi. Mimi nilivimba kichwa.

Tuliufungua mtutu, tukaupaka ule ukwaju wa moto, tukausugua kwa majivu, mchanga laini na makumbi ya nazi. Weusi wa zamani ulichuruzika kama uji ulioungua. Chini yake chuma kilitokea cheupe kabisa, nikaiona pua yangu humo, imerefuka kama ya panya buku, nikacheka hadi nikakaa chini. Nilijua kinachofuata, kwa sababu niliwahi kumwona babu akikifanya: mtutu unapashwa juu ya makaa na kupakwa mafuta, unapashwa na kupakwa tena, hadi weusi unarudi. Moshi wake niliupenda kuliko udi.

"Baba, tunaupaka mafuta lini?"

"Kesho."

Kesho yake alikoroga chumvi kwenye kata ya maji, akaupangusa mtutu ndani na nje, akauanika. Mama, aliyekuwa akitwanga, alisimamisha mchi.

"Baba Sefu, hiyo bunduki au papa? Unaitia chumvi ili tuile na ugali?"

"Inaondoa uchachu wa ukwaju," baba alisema bila kugeuka.

Gobore likakabidhiwa hivyo hivyo, jeupe. Mwenyekiti aliliinua juani, watu wakaziba macho na kushangilia. Likaegemezwa ukutani ghalani, masika ikaingia. Nguruwe walipokuja na watu wakalikimbilia, mtutu ulikuwa mwekundu kama udongo wa kichuguu, tundu la kupitishia cheche kwenye baruti limeziba, ndani umejaa magamba ya kutu.

"Limezeeka tu," mwenyekiti alisema. Baba alikuwepo.

Kwa kuwa bunduki haikufaa tena, kila kaya ilitoa mtu wa kulinda mihogo kwa kupiga debe. Zamu ya mama ilipofika, nguruwe dume hakuliogopa debe. Alimchana paja hadi mfupani. Mama alipona, lakini mguu ulikauka, na tangu hapo alitembea kwa kuuburuta.

Tangu hapo pia baba alichota maji yeye. Alipanga foleni kisimani na wanawake, akarudi na ndoo kichwani, mwanamume mzima.

"Mzee Kondo, umeolewa lini? Mbona hatukula pilau?" wenzake walimtania.

Alipita tu. Akifika, aliitua ndoo mlangoni, na mama alisema, "Ahsante, Baba Sefu." Nilikua nikiwahadithia watu kwamba sijaona mume anayempenda mkewe kama baba yangu.

Lori lilinishusha Picha ya Ndege, Kibaha, wakati ule nyumba chache tu kandokando ya barabara. Chini ya kibanda, fundi mmoja alikuwa akipasha chuma juu ya makaa na kukipaka mafuta. Ule moshi niliujua. Nilimwamkia, nikachuchumaa, nikaanza kuuliza maswali, maana sijawahi kuiona kazi ya mikono nikaipita.

"Chuma ukishakivua, kivishe siku ile ile," alisema. "Ukikiacha uchi, hakimalizi masika."

"Na ukikipaka chumvi?"

Alicheka. "Chumvi? Huyo si fundi, mwanangu. Huyo anakiua makusudi."

Aliniona sina pa kwenda, akanipa mkeka na kona ya kibanda nilale, akisema kesho tutazungumza.

Nililala chali, vidole vikinuka ukwaju. Niliwaza maji ya miaka yote ile, na mama akimshukuru baba kila siku. Baba hakumwitikia hata mara moja. Mimi nilidhani anaona haya.