Boneti ya Moto

Mama mkubwa aligusa kila kitu kwa mgongo wa kiganja. Mkate wa dukani, birika, ukuta uliopakwa rangi jana, paji la uso la mtoto wa jirani anayejipitia na mambo yake. Alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na mmoja, na alisema kiganja kimezoea kushika kila kitu, kwa hiyo hudanganya. Mgongo wake hauna kazi nyingine, husema kweli. Alipostaafu aliacha sare, akaacha viatu vyeupe, akaacha kuamka kabla ya jogoo. Mkono hakuuacha. Mkono huo ndio uliomchagulia gari.

Hakuwa mtu wa magari. Mumewe, Baba mkubwa, alipatwa na kiharusi akiwa kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, na upande wote wa kushoto wa mwili ule mkubwa ukalala. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alituambia bila kuzungusha maneno: mguu ukirudi, utarudi ndani ya mwaka wa kwanza. Mazoezi ni Jumanne na Ijumaa, na siku ikipotea haifidiwi. Kituo chenyewe kilikuwa upande wa pili wa mji, na njia ya kutokea kwao ilikuwa na makorongo yaliyokwaruza matumbo ya teksi ndogo. Dereva mmoja alipoona kiti cha magurudumu na mtu wa kubebwa juu yake, alisema anakwenda kuongeza mafuta. Mpaka leo anaongeza.

"Nataka gari refu," Mama mkubwa akaniambia. "Lipite korongoni, na kiti chake kiingie nyuma bila kukunjwa. Jipya siliwezi. Tutafute lililotumika, mwanangu, twende wote."

Tulizunguka Jumamosi sita. Alikagua magari kama anayempokea mama mjamzito mlangoni. Aliuliza umri, akauliza limepita kwa wangapi, akainama kutazama matairi kama anayetafuta miguu iliyovimba. Moja alilikataa kwa sababu zulia lilinuka unyevu. Jingine lilikuwa na mlango mmoja uliong'aa kuliko wenzake. "Huyu alianguka," akasema, "na ndugu zake hawataki kusema."

La sita lilikuwa la kijivu, refu, limeoshwa mpaka matairi yanameremeta. Muuzaji alikuwa na shati lililonyooshwa na sauti ya kubembeleza. Mama mkubwa aliweka mgongo wa kiganja juu ya boneti, nami nikaona uso wake ukifunguka.

"Lina joto zuri," akasema.

"Nimelisogeza kidogo tu, mama, nikuwekee kivulini."

Muuzaji akazungusha ufunguo. Likawaka mara moja, likatulia kama paka. Tulilizungusha mtaani, tukajaribu breki na gia, halikuwa na kosa.

Nyumbani, Baba mkubwa alilitazama kupitia dirishani. "Kizuri chajiuza, Sista," akasema. Alimwita Sista tangu enzi za uchumba. "Mbona hilo limepakwa mafuta hivyo?"

"Hata wewe ulikuja kuniposa umepakwa mafuta, na nikakuchukua."

"Ndiyo maana nakuonya."

Jumanne ya kwanza asubuhi, Baba mkubwa alikuwa mlangoni kwenye kiti chake, kamba za viatu zimefungwa. Mama mkubwa akawasha. Gari likakohoa, likatetemeka mwili mzima, likajaza ua moshi mweupe, kisha likazimika. Akajaribu tena, na tena. Saa ya mazoezi ikapita. Nilimsikia Baba mkubwa akisema nimvue viatu, vinambana.

Fundi wa mtaani tulimpa jina la Labda, maana hakuwa na sentensi iliyoanza kwa neno jingine. Labda ni betri, mama mkunga. Tukabadili betri. Labda ni starta. Labda ni plagi za kupasha. Labda ni dizeli chafu, tukabadili na filta. Kila mara gari lilikaa vizuri siku mbili tatu, tukaanza kumsifu, kisha asubuhi nyingine, Baba mkubwa akiwa amevaa viatu, likakohoa tena. Kilichotutia uchungu zaidi ni kwamba likishawaka lilikuwa malaika. Lilipanda, lilishuka, lilivuka makorongo bila kunung'unika. Asubuhi tu ndiyo lilikuwa adui.

Kufikia mwezi wa nne tangu kiharusi kile tulikuwa tumekosa siku kumi na moja. "Hilo gari," Baba mkubwa akasema, "limefanyiwa mazoezi ya viungo kuliko mimi." Tulicheka. Mama mkubwa hakucheka.

Alikuwa ameanza kuliandikia chati, kama ya mgonjwa wa wodini, akaining'iniza kwenye kioo cha ndani: saa ya kuwaka, rangi ya moshi, oili, maji. Kila asubuhi aliongeza kikombe cha maji kwenye rejeta, na chini ya gari hapakuwa na tone.

"Labda ni mvuke," fundi akasema, bila kuitazama chati.

"Mvuke wa kikombe kizima, mwanangu?"

Jirani alijaribu kumfariji kutoka ng'ambo ya ukuta. "Ndiyo hivyo tena, dada. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Yangemwagika ningeyaona," Mama mkubwa akamjibu. "Haya yananywewa."

Mimi nilichoka mwezi wa sita. Niliichukua ile chati, nikaipeleka kwa dereva mstaafu wa gari la wagonjwa, ambaye kwa miaka mingi alimletea Mama mkubwa wanawake wenye uchungu, na sasa ana karakana yake. Alikuja Ijumaa mchana. Aliisoma chati yote akiwa amesimama, kabla ya kufungua boneti.

"Mkunga," akasema, "siku unalinunua, boneti ilikuwa ya baridi au ya moto?"

"Ya moto." Alisema kwa fahari kidogo. "Niliigusa mwenyewe."

Yule mzee alitazama chini. "Gari la kununua hukaguliwa likiwa baridi. Likilala usiku kucha, asubuhi ndipo linapotoa siri zake zote. Aliyelipasha moto kabla hujafika alikuwa anakuficha hicho kikohozi."

Mama mkubwa aliushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto.

"Miaka thelathini na mmoja," akasema. "Mtoto wa moto nilimpa mama yake. Wa baridi ndiye niliyekimbia naye."

Kichwa cha injini kilipofunguliwa, gasketi yake ilikutwa imeungua, na maji yalikuwa yakipenya ndani ya injini taratibu wakati gari limelala. Lilikaa juu ya mawe wiki tatu. Liliporudi, liliwaka kwenye baridi kwa mguso mmoja, na hatukukosa siku nyingine. Lakini ulikuwa mwezi wa saba. Baba mkubwa alifika mahali pa kusimama ameshika reli, akahesabu mpaka ishirini, miguu ikitetemeka. Hakuvuka hapo. Mtaalamu alianza kusema, "Tungekuwa naye tangu zile Jumanne za mwanzo…" akaona uso wa Mama mkubwa, akanyamaza.

Mama mkubwa hakumlaumu muuzaji, angalau si mbele yangu. Aliulaumu mkono. Hata hivyo kila asubuhi niliyolala kwao nilimwona akitoka na kanga yake, akiweka mgongo wa kiganja juu ya boneti, akisubiri, mpaka ahakikishe ni ya baridi kabisa, ndipo afungue maji.

Mwezi wa kumi na moja moyo wa Mama mkubwa ulichoka, wakamlaza katika hospitali ileile aliyofanyia kazi. Nilikwenda Jumatatu mchana. Nikamgusa kwenye paji la uso, na yeye akaushika mkono wangu, akaugeuza, akaurudisha pale kwa upande wa mgongo. Kisha akatoa ufunguo wa gari chini ya mto. Alifariki kesho yake asubuhi, sisi tukiwa kituoni, Baba mkubwa ameshika reli, anahesabu. Gari lilikuwa limewaka bila shida. Lakini Jumatatu ile, ufunguo aliniwekea kiganjani, akanifunga vidole.

"Kesho Jumanne," akaniambia. "Tazama maji kwanza, likiwa baridi. Likikataa kuwaka nipigie, lakini usinianzie na labda."