Poleni Imekwisha

Nikiruhusu mbelewele zikatwe, halafu mahindi yatoke magunzi matupu, uso nitauficha wapi? Swali hilo lilininyima usingizi mwezi wangu wa kwanza nikiwa Bwana Shamba kule Burat, miaka ya sabini.

Kiangazi kilikuwa kikali. Mzee Guyo, mfugaji, aliomba mbelewele, yale maua ya kileleni mwa mahindi, awalishe mbuzi wake waliokuwa wakianguka. Mama Kanana, mwenye shamba la mfereji, alikubali kumpa kwa maziwa, mradi mimi niseme lini.

Neno chavua sikulijua. Nilijua lile la Kiingereza la chuoni tu. Nikawaambia, "Ngojeni kwanza poleni."

"Asante, tumeshapoa," akajibu Mzee Guyo. "Nani amekufa?"

Mama Kanana alicheka hadi akakaa chini.

Nikaeleza. Ndani ya ua changa mna vifuko. Humo chembe mama hugawanyika mara mbili, zikawa nne, na kila moja hukomaa kuwa punje ya vumbi la manjano. Umande ukikauka asubuhi, vifuko huning'inia, hupasuka nchani, na upepo hubeba vumbi hadi kwenye ndevu za mahindi. Kila unywele ukipata vumbi lake, punje moja ya hindi hutunga.

"Na nikikosa mahindi," akauliza Mama Kanana, "watoto wangu utawalisha poleni?"

Nikakimbilia kwa Afisa Kilimo wa Wilaya. Hakuinua macho. "Shahada ni yako, kijana. Mbuzi hawangoji barua yangu."

Katika utumishi wangu wote, hata nilipohamishiwa Merti miaka ya themanini, sikupata mkubwa aliyenisaidia zaidi kwa kukataa kunisaidia. Sasa nimestaafu, bado nawaambia vijana hivyo.

Kesho yake, umande ulipokauka, nilipita shambani nikigonga mbelewele juu ya suruali yangu nyeusi. Haikuchafuka; vumbi lilikuwa limeshamwagika lote. Bado nikasita: je, ndevu zilipata? Nikamenya hindi moja bichi, polepole, nikalitikisa. Unywele uliopata vumbi huachia punje yake, usiopata hung'ang'ania.

"Umeniulia hindi!" Mama Kanana akalalamika.

Ndevu zote zikaanguka. Nikatafuta jambo jingine la kuogopa, nikalikosa. Nyuma ya uzio, mbuzi walikuwa wakilia.

"Bwana Shamba," akaita Mzee Guyo, "bado tuko matangani?"

Nikachukua panga la Mama Kanana, nikakata mbelewele ya kwanza kwa mkono wangu, nikamrushia.

"Poleni imekwisha, mzee. Lisha."