Mawe ya Mu Meno ya Mama

Leo ku soko ya Nchelenge nimesikia harufu ya karafuu, ikanirudisha mu kliniki ya kambi ya wakimbizi. Mama alizoea kuficha kicheko na mukono, kwa sababu meno yake ilikuwa inatikisika. Aliogopa kuipoteza. Muke mwenye kusafisha meno alimupakaza mafuta ya karafuu ku fizi, akashika kachuma ka kukwangulia.

"Mama, nitoe hii mawe ya ku meno, huu uchafu wenye kuganda."

"Ukitoa, yote itaanguka! Hii mawe njo inashika meno."

"Hapana, mama. Njo inafukuza meno."

Damu ilitoka, mama akamutukana. Pengine alikuwa na haki, uchungu haukuwa wangu. Lakini mama alirudi kwa ule muke tena na tena. Sijui kama nakumbuka muzuri: wakati ya mahindi mupya, mama alicheka kinywa wazi, mikono yote mbili imeshika mahindi ya kuchoma.