Kiatu Nilichomshonea Kaka

Kwa miezi minane kaka yangu alinishukuru kwa kiatu nilichokitengeneza ili kimuumize.

Sijakosea kuandika. Kimuumize.

Kaka ndiye aliyenifundisha kushona viatu. Baba alipotutoka, karakana ikabaki mikononi mwake, mimi nikawa wa kupaka gundi na kutumwa uzi. Miaka kumi na mbili. Mteja akiingia ananipita kama kiti, anauliza fundi mwenyewe yuko wapi.

Halafu kaka akateleza akiziba paa lake. Kifundo cha mguu wa kulia kikavunjika sehemu mbili. Mfupa uliunga, lakini baridi yabisi ikahamia humo. Akisimama dakika kumi, jasho linamtoka.

Alipokuwa kitandani, fundi mwenyewe nikawa mimi. Nikanogewa.

Hospitalini mtaalamu wa viungo akamchorea kiatu. Soli nene isiyokunjika, imepinda chini kama miguu ya kiti cha bembea, ili anapotembea mguu ubingirike bila kifundo kukunjika. Kisigino kiwe laini, kimeze kishindo.

Kaka akaniletea mchoro akichechemea. Akasema hamwamini fundi mwingine.

Nikakishona. Kwa nje ungekipiga picha. Ndani, mbele niliweka sponji inayobonyea, akikanyaga tu ule mpindo unakufa na kifundo kinakunjika vilevile. Kisigino nikakipa raba ya tairi, ngumu kama jiwe, nikaivika ngozi laini.

Roho mbaya haina likizo, jamani.

Kila wiki alipita karakana. Anaingia ameuma meno, anakaa, ananishukuru. Mara mbili aliniuliza kama hakuna cha kurekebisha. Nikamwambia kiatu kiko sawa, mguu ndio haujakizoea.

Siku moja nikapeleka viatu kwa mteja mtaa wa mbali. Nikamwona kaka anavuka barabara. Gunia begani, mwendo wa haraka, hachechemei hata kidogo. Mguuni ana kiatu kingine, soli imepinda kama kwenye mchoro.

Aliponiona hakushtuka. Akatua gunia.

"Nilijua siku ya kwanza," akasema. "Nimekata soli kabla hujajua kushika kisu. Nilikipasua, nikaiona sponji, nikakigandisha tena. Hiki nikajishonea mwenyewe."

"Sasa ulikuwa unakivaa cha nini?"

"Nakivaa kwenye kona ya mtaa wako, nakuja nacho kwako, narudi nakivua. Nilitaka siku moja uniambie, kaka, lete nikirekebishe."

 

Hakupandisha sauti. Akaniachia karakana yote, na hakumwambia mtu.

Heri angemwambia mtu. Sasa kila tukikutana kwa mama, wakati wa kuondoka anaketi mlangoni, ananyoosha mguu mbele ya watu wote.

"Mdogo wangu, nivalishe."

Napiga magoti. Namvalisha kile kile nilichomshonea, nafunga kamba, naye ananiangalia utosini mpaka nimalize. Mama anafuta machozi ya furaha, anawaambia majirani hajaona watoto wanaopendana kama wake.

Wewe unayesoma, ukimtenda ndugu yako ubaya akakugundua, mwombe akutukane, akupige, akushitaki kwa ukoo mzima. Hayo yana mwisho. Anayekunyamazia amekuwekea kifungo, na funguo anatembea nazo yeye.